Kilima cha Kubeba Mpaka Beni

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa nane

Kikao cha ukoo baada ya misa. Jumamosi tunampeleka Solange Beni kuolewa na Delphin. Nyama, bia, vitenge vya sare, yote yalikwisha pangwa. Likabaki swali moja: bibi harusi atapanda gari la nani?

Nikasimama. Nikasema Koko.

Mtu fulani akakohoa. Najua ni nani, na nimemwoa mwenyewe.

Koko ni gari langu la mazuti, yaani dizeli. Limemzidi Solange umri, kwa hiyo lastahili heshima. Tulilinunua wawili, mimi na mdogo wangu Muyisa, baba yake Solange. Muyisa alipokuwa kitandani, karibu kutuacha, alinishika mkono akasema binti yake atatoka nyumbani ndani ya Koko, si ndani ya gari la mtu. Nikaapa. Muyisa hayupo, kiapo kipo. Hilo ukoo mzima ulilisahau, ukaanza kusifu jeep ya Bilali.

Bilali! Jirani yetu hapa Butembo, msafirishaji, mzaliwa wa Beni. Jeep yake ina hewa baridi. Alikuja kikaoni na mkewe Hadidja, kama majirani tu, wakaleta sukari. Akasema kwa upole kwamba jeep ipo, ikihitajika. Upole wa namna hiyo siupendi.

Dada yetu Adèle, shangazi yake Solange, ndiye mwenye neno la mwisho. Akasema gari la bibi harusi halisukumwi, na bibi harusi habadilishi gari njiani, maana ndoa nayo itajifunza. Jumatano atapanda Koko yeye mwenyewe, limzungushe mjini. Likisukumwa hata mara moja, jeep. "Vagheni, minakupenda," akaniambia, "lakini minakujua."

Kweli, Koko lina ugonjwa kidogo. Likilala, linadondosha mazuti chini. Likitembea, linavuta hewa. Kati ya filta na pompi nilifunga tiyo, kibomba cha plastiki kinachoonyesha ndani, na humo mapovu yanapita kama kwenye chupa ya limonadi. Yakizidi, Koko linakohoa na kuzimika. Ésaïe fundi anasema tundu ni lilelile: panapotoka mazuti ndipo panapoingia hewa. Nibadilishe mipira ya filta na tiyo zote zilizozeeka, kazi ya asubuhi moja.

Labda. Lakini aliyasema mbele ya Bilali, tena akicheka. Sasa siwezi tena. Mtaa mzima unaniita Docteur Mazuti. Docteur hapeleki mgonjwa wake kwa mwingine.

Jumatatu, tarehe 5

Sabuni! Nilisahauje? Kila dereva wa njia ya Kanyabayonga anajua: tanki likitoboka, paka sabuni.

Nikasugua kila kiungo cha tiyo mpaka kikawa cheupe. Juu yake nikakaza vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Nikawasha. Tone hakuna. Povu hakuna. Nikaimba wimbo wa Pasaka.

Nikamwita Bilali aje aone. Kosa dogo. Kumbe mazuti yanakula mpira wa baiskeli, na sisi binadamu tunaambiwa mambo haya wakati umekwisha pita. Ule mpira ukavimba, ukateleza, ukaanguka chini kama kipande cha utumbo. Povu la kwanza likapita kwenye tiyo mbele ya macho ya Bilali. Akalisindikiza kwa macho mpaka likafika pompi. Koko likafa. Bilali akasema pole, saa ya kuswali imefika. Saa ya kuswali ilikuwa bado.

Jioni Kavuo, mke wangu, akauliza sabuni yake ya kufulia nguo za harusi iko wapi. Nikasema panya. Akanishika mikono, akainusa, kwanza wa kulia kisha wa kushoto. "Iyi panya inafanya kazi ku garage?" akauliza. Nikala fufu bila kuongezewa mboga ya sombe.

Jumanne, tarehe 6

Mimi ni mtu mkubwa! Niliandike hili kwa ajili ya wajukuu.

Jana Hadidja alianika nguo pale palipo sawa, mahali pangu pa kuegesha. Kwa hasira nikaliacha Koko kwenye mteremko, pua chini. Asubuhi nageuza ufunguo mara moja tu, laitika! Tiyo safi. Nikashuka, nikafikiri. Nikaligeuza pua juu, nikanywa chai, nikawasha: mapovu, kikohozi, kifo. Vijana wa mtaa wakanisaidia kuligeuza tena pua chini. Uzima!

Nikaelewa yote. Pua ikiwa chini, mazuti yanateremkia injini yenyewe na hayarudi tanki. Pua ikiwa juu, yanarudi, hewa inachukua kiti chake. Kwa hiyo Koko si mgonjwa. Linalala vibaya! Hata mtu akilala vibaya, anaamka na shingo ngumu.

Ésaïe na mipira yake. Garage nzima, na hakuna aliyefikiria kilima.

Jumatano, tarehe 7

Mtihani. Adèle kiti cha nyuma, mkoba magotini, rozari mkononi. Mimi njia nilikwisha ipanga. Butembo ni vilima vitupu, na Mungu alipovimwaga hapa alikuwa ananifikiria mimi.

Kwa mshona nguo, pua chini. Sokoni, pua chini. Parokiani palikuwa na nafasi nzuri, kivulini, sawa kama meza. Nikaipita. Adèle akauliza kwa nini. Nikamwambia mahali palipo sawa panachosha matairi. Tukazunguka kilima, tukazunguka tena, mpaka mtu mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao, alipoondoa viazi vyake vya Kipese pale kwenye mteremko. Nikajipenyeza. Adèle akapanda kilima kwa miguu mpaka kwa padri, akihema, lakini gari la bibi harusi halikusukumwa hata kwa kidole!

Nyumbani akashuka, akapiga paa la Koko kwa kiganja. "Basi," akasema. "Mutoto atapanda Koko." Machozi yakanitoka, sioni aibu. Nikamwambia Muyisa kimoyomoyo: umeona?

Bilali akanipongeza. Akanishika kwa mikono yote miwili. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: "Na kule Beni, muzee, utaisimamisha wapi?" Nikajibu mbele ya kanisa, kama bantu bote. Akasema sawa. Akasema pale ni pazuri, uwanja mpana, ata mupira inaweza kukaa bila kubingirika.

Sikula.

Alhamisi, tarehe 8

Beni! Nani alijenga mji mahali pasipo mteremko?

Misa ya ndoa ni ndefu. Koko litakaa uwanjani muda wote huo, pua si juu si chini. Kisha maharusi watatoka, mpiga picha mbele, wakwe pande zote, nami nitageuza ufunguo. Niliona picha yote. Niliona vijana wa Beni wakikunja mikono ya mashati yao, tayari kusukuma. Na Adèle akifungua mlango wa jeep.

Solange akaniletea chai. Akaona uso wangu. Akasema nisijitese, hata jeep itamfikisha. "Lakini papa mukubwa," akasema, "mu Koko niko nasikia harufu ya papa." Kweli. Muyisa alinuka mazuti hata siku ya Noeli.

Kwa hiyo nikaacha kiburi nyumbani, nikaenda kwa Ésaïe. Naapa! Nilifika mpaka langoni. Ndani nikamwona Bilali, anabadilishiwa oili, yeye na Ésaïe wanacheka wameshikana mabega. Labda walikuwa wanacheka mambo yao. Lakini kiburi kilikuwa kimenifuata nyumanyuma, kikanikuta pale pale langoni. Tukarudi wote wawili.

Njiani ndipo akili ikaja. Kama Beni hakuna kilima, nitakwenda na changu! Bidon, dumu la mazuti, juu ya paa. Tiyo inateremka kutoka bidon mpaka filta. Mazuti yanashuka kwa uzito wake, hewa haipati hata mlango wa kubisha. Kilima cha kubeba! Penye nia pana njia.

Ijumaa, tarehe 9

Nimefunga bidon la manjano juu ya paa kwa kamba za mbuzi wa mahari. Mbuzi wenyewe sasa wanatembea mtaani, watajirudia.

Tiyo haikufika. Nikakata ile inayotoka tanki, nikaiunga. Tanki haliihitaji tena, limestaafu. Nikawasha pale palipo sawa, baada ya kuhamisha nguo za Hadidja. Laitika! Povu hakuna hata moja. Nilikaa nikiitazama ile tiyo kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala.

Jambo dogo sana. Zamani matundu yalivuta. Sasa mazuti yanasukumwa kutoka juu, na matundu yanatema. Tone, halafu tone. Lilihitajika kitambaa kigumu. Mezani palikuwa na kipande cha kitenge cha harusi, kile cha sare ya ukoo, kijani chenye ndege weupe. Kikazunguka filta vizuri kabisa. Hata Koko lina sare sasa.

Kavuo akatafuta kilemba chake nyumba nzima, mpaka chini ya kitanda. Nikasema panya. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na akaenda kumwazima Hadidja kitambaa. Hadidja alikuwa hana chenye ndege.

Bidon nikalifunika kwa maua na kitambaa chepesi cha tulle nyeupe. Adèle akasema limependeza, lakini mbona maua yamepanda juu hivyo, kama kaburi la tajiri? Nikamwambia ndio mtindo wa Kinshasa.

Jumamosi, tarehe 10. Beni

Nianze na mazuri.

Tulitoka Butembo tukiongoza cortège, msafara wa harusi. Mimi! Mbele! Solange nyuma pamoja na Adèle. Kavuo pembeni yangu, kichwa wazi, hanisemeshi. Honi, vigelegele, jeep ya Bilali nyuma yetu na matroni wa bibi harusi. Tulipopita Maboya, watu wakapunga mikono kando ya barabara, nikawapungia kama gavana. Nikamwona Solange kwenye kioo, amefumba macho, anavuta pumzi. Najua alikuwa anavuta nini.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mlinzi akazunguka gari. Akasikia kitu cha majimaji kinachezacheza ndani ya maua. Akanyosha mkono akayagonga: ngo, ngo. "Papa," akaniuliza, "fleur oyo ezo mela mazout?" Yaani, ua hili linakunywa mazuti? Akacheka mpaka akashika goti, akafungua kamba. Adèle hasikii Kilingala, akataka nimtafsirie. Nikasema anawatakia uzazi mwema.

Mteremkoni bidon likaegemea mbele kidogo. Matone mawili matatu kwenye kioo. Nikawasha vipangusa, kioo kikawa cha kahawia. Basi nikaendesha nikichungulia dirishani, jambo linalompa dereva sura ya heshima.

Tukafika! Halikuzima, halikusukumwa. Nikaegesha mbele kabisa ya kanisa. Nikafunga milango, ufunguo mfukoni, nikakaa benchi la kwanza.

Sasa yasiyo mazuri.

Katikati ya misa namwona Bilali mlangoni. Wakati wa misa zetu yeye hungoja nje. Akaninyoshea mkono juu, akateremsha vidole, vinachezacheza. Halafu akafanya kama anazungusha ufunguo. Nikamwelewa mara moja. Anataka ufunguo wangu! Alisogeze Koko pembeni, jeep ikae mbele kwenye picha! Nikafumba macho nikasali. Nikachungulia: bado yupo, sasa ananionyesha viatu vyake. Vimelowa. Nikafikiri, viatu vyako vinanihusu nini? Nikasali kwa sauti.

Tulipotoka, chini ya Koko palikuwa na ziwa. Kitenge cha Kavuo kilikuwa kimechoka kuzuia. Bidon lilikuwa tupu. Kilima changu chote kilikuwa kimemwagika uwanjani, na Bilali alikuwa amezungusha mchanga ili wazee wasiteleze.

Solange hakungoja. Akanyanyua robe yake, gauni jeupe la harusi, lakini si vya kutosha, akapita ziwani akaingia. Delphin akateleza, akaingia kwa magoti. Nikageuza ufunguo. Hata mapovu hayakuwepo. Hewa tupu. Tankini mazuti yalikuwapo, mengi tu, lakini tiyo yake niliikata jana kwa mkono wangu.

Vijana wa Beni wakaanza kukunja mikono ya mashati.

"Haisukumwi!" Adèle akapiga kelele. Mama yake Delphin akasema basi bibi harusi apande jeep. "Habadilishi!" Adèle akapiga kelele tena. Halisukumwi, habadilishi. Watu wote wakanitazama mimi. Nilitazama chini, nikaona uso wangu kwenye mazuti. Eee Nyamuhanga, Mungu wangu! Nilimwona Muyisa ananitazama kutoka huko aliko. Nilitaka kulia mbele ya wakwe.

Ndipo Bilali akapanda juu ya tairi, akafungua zile kamba za mbuzi, akazisokota pamoja. Akamwendea Adèle kwa adabu zote. "Mama," akasema, "mulisema haisukumwi. Hakuna mwenye alisema haivutwi."

Adèle akafikiri. Akahesabu shanga mbili za rozari. Akasema kweli, hakuna aliyesema.

Basi jeep ikalivuta Koko Beni nzima, polepole, muziki juu, bibi harusi ndani. Mimi usukani. Nikapunga mkono, ningefanya nini? Kwenye kioo nikamwona Solange ameshika pindo la robe, jeusi kwa mazuti, amelipeleka usoni. Mabega yanatikisika. Nikaanza kumwomba radhi. Kumbe anacheka! "Papa mukubwa," akasema, "sasa harufu ya papa niko nayo mu robe." Halafu akalia kweli. Nami nikalia. Adèle akalia. Delphin, ambaye hakumfahamu Muyisa hata kidogo, akalia kwa adabu.

Ukumbini Bilali akafungua boneti. Kavuo akainama, akaona ndege weupe. Nilijiandaa. Akasema tu: "Panya yako inapenda sare." Na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumapili, tarehe 11. Beni

Wakati sisi tunakula na kucheza, Bilali alibaki nje. Alinunua mipira ya filta na tiyo mpya, akabadilisha zote, akaunga tena tanki. Nimeyaona asubuhi. Koko limesimama mahali sawa kabisa, ufunguo mara moja, laitika! Halidondoshi. Adèle akauliza nani amelitengeneza. Bilali akajibu kwamba ni Vagheni, yeye alishika taa tu. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikamfuata, nikamwambia asante. Karibu niongeze neno jingine, lakini nilijizuia kwa wakati.

Sasa tufikiri kama wataalamu. Nini hasa kimeliponya Koko? Mtu wa haraka atasema tiyo. Mimi nasema kamba. Kuvutwa taratibu kulilitikisa gari lote, hewa ikatoka yenyewe. Nitaanza kuwashauri watu mtaani.

Tulipokuwa tunakunywa chai, Hadidja akasema binti yao Yasmine anaolewa Eringeti mwezi wa kumi na mbili. Jeep itajaa wageni na vyombo. Sasa bibi harusi atapanda gari la nani?

Nikasimama. Nikasema Koko.

Kavuo akakohoa. Bilali aliinuka, akaiokota ile kamba ya mbuzi, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kiti cha jeep.

Kasoro moja tu. Tiyo za Bilali ni nyeusi. Mtu haoni ndani! Docteur atampimaje mgonjwa asiyemwona? Nimeondoa ile ya kati ya filta na pompi, nimerudisha yangu inayoonyesha. Imelegea kidogo, nikaomba sabuni kwa wenyeji, nikapaka.

Nimewasha. Nimeinama, nimetazama. Safi kabisa. Povu moja tu, dogo, limepita taratibu. La salamu.